Barua ya wazi kwa vijana mnaofungua chaneli ovyo

Wanangu mnaoandika programu za thredi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba,

Salaam. Napitia msimbo wenu karibu kila siku, na naona chaneli, zile njia za kupitishia ujumbe kati ya thredi, zimewakolea. Sina ugomvi nazo. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare alishaliandika wazo hili mwaka 1978: kazi zinazokwenda sambamba zipelekeane ujumbe, zisigombanie kumbukumbu moja. Lugha ya programu ya Go ilipotangazwa mwaka 2009 ikalifanya jambo la kawaida. Katika lugha ya Rust, ukishatuma `String` (maandishi) kwenye chaneli si yako tena. Ukiigusa, kompaila inakukatalia. Raha tupu.

Kinachonikera ni kwamba mnajua kutuma, mnajua kupokea, ila hampangi nani atasema "nimemaliza".

Chukueni hili ninalokutana nalo kila mara kwenye Rust. Unatengeneza `tx` ya kutuma na `rx` ya kupokea, unainakili `tx` mara nne, kila thredi na nakala yake. Thredi kuu inazunguka na `for` juu ya `rx`. Ukiendesha, majibu yote yanatoka, kisha kimya. Programu haifi, haisemi kitu, CPU imetulia. Hapo mnaanza kumwaga `println!` kila kona mkizisaka thredi, na maskini zilishamaliza kazi kitambo. Ile `tx` ya kwanza, mliyoinakilia wengine, bado iko hai ndani ya thredi kuu, na mpokeaji hungoja maadamu amebaki mtumaji hata mmoja. Andika `drop(tx)` ili kuitupa kabla ya kitanzi, yameisha.

Kwenye Go kufunga ni kwa amri, `close`. Mpokeaji akifunga huku mtumaji anaendelea kutuma, panic: programu inaanguka. Ukifunga mara mbili, panic vilevile. Kwa hiyo afunge mtumaji. Wakiwa wengi, awepo mmoja wa kuwasubiri wote kwa `WaitGroup`, ndipo afunge. Mkubaliane kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Na hili la bafa, ile nafasi ya ujumbe kungoja ndani ya chaneli, jamani! Go inalalamika "all goroutines are asleep - deadlock!", yaani goroutini zote (thredi nyepesi za Go) zimekwama zikingojeana, kijana anaweka bafa ya 100, lalamiko linapotea, anaondoka akipiga mluzi. Kama hakuna anayepokea, ujumbe wa 101 utakwama palepale, tena saa nane usiku. Na kwenye seva huenda msipate hata lile onyo, maana Go hulitoa pale tu goroutini zote zimekwama, na ya kwenu imekwama peke yake.

`mpsc::channel()` ya Rust nayo haina kikomo. Mtumaji akimzidi mpokeaji mbio, foleni inakula RAM mpaka mfumo unaiua programu. Tumieni `sync_channel`, mpe ukubwa, foleni ikijaa mtumaji asubiri.

Na wewe uliyejenga chaneli, goroutini ya kuisikiliza, na `select` ya kungojea juu yake, ili tu kuhesabu maombi yaliyoingia: weka namba ya atomiki, ambayo thredi nyingi huiongeza bila kugongana, ukalale.

Wasalaam,
Mzee wenu