Kepteni Pike sawa, lakini Mgorn ameonewa

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu anayedai kwamba sisi wazee tunaoilalamikia Star Trek mpya, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, tunawaonea vijana wivu, na kwamba asiyeipenda azime televisheni akalale. Mimi nilikuwa na maktaba ya kanda za video hapa Mombasa, enzi za deki, na kanda za Kepteni Kirk, mkuu wa chombo cha Enterprise katika Star Trek ya kwanza, hazikuwa zikikaa rafuni. Mmoja akirudisha, mwingine yuko mlangoni anangoja. Ubishi ninaousoma leo kwenye simu ya mjukuu wangu nilishausikia kaunta, tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa hiyo naomba nafasi kidogo ya kujibu.

Kwa wasioujua ugomvi wenyewe: Star Trek ya kwanza ilionyeshwa Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1969. Mwaka 2017 ikaja Discovery, ambayo hadithi yake inaanza miaka kama kumi kabla ya safari za Kirk. Mwaka 2022 ikafuata Strange New Worlds, habari za chombo kile kile cha Enterprise kikiwa bado mikononi mwa Kepteni Christopher Pike. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Wako wanaotaka kila kitu cha kabla kikubaliane na kilichoonyeshwa zamani, hadi rangi ya swichi. Na wako wanaosema yale yalikuwa mambo ya mbao na rangi ya miaka ya sitini, watunzi wa leo waachwe wafanye kazi yao.

Mengi wanayogombania wazee wenzangu mimi simo. Eti Waklingon wa Discovery, wale maadui wa Kirk kutoka sayari nyingine, wana vichwa vigeni. Waklingon walishabadilishwa sura katika filamu ya 1979, walipotokea na matuta kwenye paji la uso bila mtazamaji kuambiwa neno. Sababu ya wale wa Kirk kukosa matuta ilikuja kuelezwa kwenye televisheni mwaka 2005, kwamba ni virusi. Tulikaa na swali hilo zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyekufa.

Au suala la dada yake Spock, msaidizi wa Kirk. Discovery ilimleta Michael Burnham, binti wa kulea wa Balozi Sarek, baba yake Spock, na kelele zikawa: mbona Spock hakumtaja hata siku moja? Jamani, kitazameni kipindi cha “Journey to Babel” cha 1967. Kirk anamwambia Spock kwamba ana nafasi ya kuteremka sayarini akawasalimie wazazi wake, naye Spock anamjibu kuwa huyo balozi aliyepanda chomboni pamoja na mkewe ndio wazazi wenyewe. Kirk, sahibu yake, hakuwa na habari. Kisha filamu ya 1989 ikatuletea Sybok, kaka wa baba mmoja, naye hakuwahi kutajwa. Mtu aliyeficha baba na kaka atashindwa kuficha dada? Kilichonikera mimi ni woga wa watunzi. Mwisho wa msimu wa pili, mwaka 2019, waliirusha Discovery zaidi ya miaka 900 mbele, wakawaapisha Spock na wenzake wasiitaje tena. Walikimbia kelele. Wangesimama imara.

Na hapa pwani kuna jambo la kuwakumbusha wale wanaosema lisiongezwe lolote. Wateja wangu waliirudisha nyuma kanda ya “The Man Trap”, kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, ili wamsikie tena Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise, akizungumzishwa Kiswahili ndani ya chombo cha anga. Kuna na kile cha 1967 ambacho mtambo unamfuta kumbukumbu, anafundishwa upya kusoma, na Kiingereza kikimkwama anakimbilia Kiswahili. Basi! Kibanda kizima kilipiga makofi. Lakini jina Nyota, ambalo leo kila mtu anamwita, hamlisikii popote katika mfululizo ule. Lilitoka katika kitabu cha 1982, na kwenye skrini likatamkwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009. Strange New Worlds, ambako anachezwa na Celia Rose Gooding, ikamwongezea wazazi na kaka waliofariki ajalini, bibi aliyemlea, na ikampa nafasi ya kuizungumzia Kenya mezani kwa kepteni. Kwa sheria ya mashabiki wakali, hayo yote tuyatupe.

Sasa nije kwa Pike, kwa sababu hapo watunzi wa leo wamefanya kazi ambayo sikutegemea kuiona uhai wangu.

Kipindi cha majaribio cha Star Trek kilipigwa picha mwaka 1964, Pike akichezwa na Jeffrey Hunter, na kituo cha televisheni kikakikataa. Mwaka 1966 picha zile zikatumiwa tena ndani ya kipindi cha “The Menagerie”. Humo Pike tunamkuta ameungua kwa mionzi, amefungiwa kwenye kiti, hasemi wala hasogei. Anajibu kwa taa: ikiwaka mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Tunaelezwa kwa maneno machache kwamba aliumia akiwaokoa makadeti, basi, hadithi inaendelea. Miaka mingi nilimwona ni mtu aliyepatwa na balaa tu.

Discovery, mwaka 2019, ikampeleka kwenye nyumba ya watawa wa Kiklingon kuchukua kioo cha wakati, yaani jiwe la fuwele, ambacho bila hicho vita vingeshindwa. Kabla hajakichukua anaonyeshwa kiti kile, na uso ule ulioungua, na anaambiwa akikishika hakuna kurudi nyuma. Anakishika. Strange New Worlds inaanza na mwanamume huyo akiwa anatembea na siri hiyo kifuani, majina ya wale vijana anayajua kwa moyo. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza anataka kuwaandikia barua ili wasiwepo siku ya ajali. Pike wa baadaye anamtokea na kumwonyesha bei ya barua hiyo: yeye, si Kirk, ndiye atakayekutana na Waromulan, maadui wengine wa anga, katika kisa tulichokiona mwaka 1966, uamuzi wake wa huruma utaleta vita, na Spock atabaki majeruhi asiyetazamika. Anaiacha barua. Nimeirudia “The Menagerie” baada ya hapo, ile ile, haikuongezwa hata fremu moja, na yule mtu kitini si yule niliyemjua. Kuna ndani ya kiti mtu aliyekwenda kwa miguu yake.

Ukiweza kuifanyia hadithi ya zamani hivyo, badilisha swichi zote upendavyo.

Kwa Wagorn, viumbe wa anga wenye umbo la mjusi, walifanya kinyume. Kipindi cha “Arena” kilionyeshwa Januari 1967. Wagorn wameteketeza kituo cha binadamu kwenye sayari ya Cestus III, Kirk anawafukuza ili awaangamize. Wametron, viumbe wengine wenye uwezo mkubwa, wanawazuia, wanamtoa Kirk na kepteni wa Kigorn, na kuwaweka kwenye majabali wapigane hadi mmoja afe. Kirk anatengeneza mzinga kwa mianzi, makaa, salfa, shura na almasi badala ya risasi. Mjusi mwenyewe alikuwa mtu ndani ya vazi la mpira, watoto walikuwa wakimcheka kwa mwendo wake. Mwishoni walinyamaza. Kirk ana kisu cha jiwe mkononi, adui yuko chini, na anakataa kumchoma. Ameshasikia upande wa pili: huenda kituo kile sisi ndio tuliokijenga kwenye ardhi ya wenyewe.

Strange New Worlds imewageuza Wagorn hao kuwa viumbe wanaowinda watu na kuwatia mayai mwilini, vitoto vikatoka kwa kupasua kifua. Inatisha, sikatai, na kifo cha mhandisi Hemmer kilinitoa machozi. Mashabiki wanalalamika kwamba Kirk alionekana hawajui Wagorn kabisa. Hilo ni dogo. Langu ni kwamba rehema ya Kirk ilisimama juu ya shaka moja tu, kwamba mvamizi huenda ni yeye. Shaka hiyo inaota wapi penye mayai ndani ya maiti? Mjukuu wangu ananibishia: adui akiwa mbaya zaidi, rehema nayo inakuwa kubwa zaidi. Namwambia hapana, mwanangu. Kirk hakumsamehe mtu mwovu. Aligundua kwamba hakuwa na uhakika nani mwovu.

Watunzi nadhani waliusikia mguno. Katika msimu wa tatu, mwaka 2025, walimkwamisha rubani Erica Ortegas kwenye mwezi mmoja pamoja na rubani wa Kigorn, wakasaidiana mpaka wakaelewana, na waokoaji walipofika wakamuua yule Mgorn wakidhani wanamwokoa mwenzao. Kipindi kizuri sana. Lakini angalieni kilichotokea: somo la Kirk limeshafunzwa na mtu mwingine, ndani ya chombo hicho hicho, miaka kabla yake. Spock alikuwa kwa Pike, Uhura alikuwa kwa Pike. Wote wawili wapo chomboni katika “Arena”, kepteni wao ametoweka, na hakuna anayefungua mdomo kusema, hawa tunawajua, wanasemezeka. Kiapo cha Discovery hakiwezi kuwatetea hapo.

Imeshatangazwa kwamba msimu wa tano ndio utakaokuwa wa mwisho, kwa hiyo huenda watunzi wakatupa sababu ya ukimya huo. Msomaji wenu naye kama anayo, aiandike hapa hapa. Asinijibu tena habari za umri.

Aliyekuwa mwenye maktaba ya kanda,
Kisauni, Mombasa