Theluji ya Kibo hairudishwi kwa miche

Mhariri,

Kila msimu wa kupanda miti ukifika mkoani Kilimanjaro husikika maneno yale yale: tupande miche theluji irudi, maana theluji ikiisha na maji yataisha. Nia ni njema, lakini kauli hiyo ina makosa mawili, nayo yanapeleka fedha na nguvu za watu mahali pasipostahili.

Tuanze na barafu yenyewe. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi juu ya Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro. Kufikia 2011 zilibaki 1.76, yaani asilimia 85 ilikuwa imekwenda. Barafu ya Furtwängler, iliyomo ndani ya kreta, ilikatika vipande viwili mwaka 2007, na ile kubwa ya upande wa kaskazini ikafuata mwaka 2012. Lonnie Thompson, mtafiti wa Marekani aliyeitoboa barafu hiyo mwaka 2000, yeye na wenzake walitabiri kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka, na sasa wapo wanaolishika kosa hilo la tarehe kudai habari nzima ni uzushi. Tarehe ilikosewa, mwelekeo haukukosewa. UNESCO ilieleza mwaka 2022 kwamba barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda zikawa zimekwisha ifikapo 2050.

Hewa ya kileleni, kwa wastani, ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Barafu inayeyukaje kwenye baridi hiyo? Ni jua. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, lakini barafu kuukuu iliyojaa vumbi hurudisha chini ya nusu na kumeza kilichobaki. Kwa hiyo mwavuli mzuri wa barafu ni theluji mpya. Masika na vuli zikipita bila theluji ya kutosha, barafu hubaki uchi miezi mingi. Zaidi ya hapo, barafu ya Kibo haina umbo la mteremko. Imekaa kama meza, ina kuta zilizosimama wima, na jua huzipiga kuta hizo moja kwa moja huku majivu meusi ya volkano yaliyo chini yakizirudishia joto. Mlima uko nyuzi 3 kusini ya ikweta, hivyo kuta za kusini hupigwa na jua tangu Oktoba hadi katikati ya Machi, kisha ni zamu ya kuta za kaskazini. Hakuna mwezi wa kupumzika.

Juu ya meza hali ni nyingine. Hewa ni kavu mno, hivyo barafu hugeuka mvuke bila kupitia kwenye maji. Joto linalogeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke lingetosha kuyeyusha kilo 8 na nusu zikawa maji. Ndiyo sababu juu hupungua polepole na ubavuni huliwa haraka, na ndiyo sababu kukatika vipande ni habari mbaya kuliko kupungua unene: kila mpasuko unaongeza kuta mbili. Muuza samaki yeyote wa soko la Feri, Dar es Salaam, anajua bonge la barafu hukaa mpaka jioni, lakini ukishaliponda halifiki adhuhuri.

Kilichopungua, basi, ni theluji, na ilianza kupungua zamani. Afrika Mashariki ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19. Ziwa Victoria nalo lilishuka baada ya kujaa sana mwaka 1878. Mvuke unaoleta theluji Kibo hutoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapopata joto, mwendo wa mvuke na mvua hubadilika. Hapo ndipo moshi wa viwanda na magari wa dunia nzima unapoingia. Watafiti wamepima pia kama ukataji miti wa miteremkoni ndio uliokausha kilele, wakakuta mchango wake ni mdogo. Hata tukipanda miche kutoka Machame hadi Rombo, theluji haitarudi. (Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni kesi tofauti: kule hewa ina unyevu mwingi na ongezeko la joto linafanya kazi moja kwa moja. Barafu yake ilikuwa kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Mwaka 2003 haikufika hata moja.)

Kosa la pili ni la maji, na hapa hesabu inatosha. Chukua kilomita za mraba 1.76, tuseme zinapoteza mita nzima ya unene kwa mwaka, na tuseme kila tone linashuka bondeni bila hata moja kupotea kwa mvuke. Hiyo ni kama mita za ujazo milioni 1.6, sawa na lita 50 kwa sekunde. Msitu wa mlima una kilomita za mraba 1,000 hivi. Mvua ya milimita 2 tu ikinyesha msituni kote usiku mmoja imeleta mita za ujazo milioni 2. Makadirio yaliyopo ni kwamba asilimia 96 ya maji ya mlima huanzia kwenye ukanda wa msitu. Chemchemi za vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, mito inayojaza bwawa la Nyumba ya Mungu na maji yanayozungusha mitambo ya umeme ya Hale haviingojei barafu.

Vinangoja mvua na ukungu. Juu ya mita 2,800 hivi ndiko kuna msitu wa erika, miti yenye majani membamba kama sindano, iliyovikwa kuvumwani, ukiwemo ule wa kuning'inia uitwao ndevu za mzee. Ukungu ukipita, matone hunasa na kudondoka, na udongo wa mboji huyashika kama sifongo. Nyasi hazinasi ukungu kiasi hicho. Ukichoma msitu huo nyasi na vichaka hushika nafasi yake, navyo hukauka haraka na kuungua tena kabla mche haujafika kimo cha goti. Tangu 1976 mlima umepoteza hekta 13,000 hivi za msitu, nyingi kwa moto na nyingi za ukanda wa juu. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, imelinganisha maji ya ukungu yaliyopotea hivyo na mahitaji ya maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka. Moto wa Oktoba 2020 peke yake ulipita juu ya kilomita za mraba zipatazo 95.

Shilingi ya miche, kwa maoni yetu, iende kwanza kwenye moto. Njia za kuzuia moto zifyekwe kabla ya misimu miwili mibaya, yaani kabla ya Januari na kabla ya Septemba, wala si baada ya moshi kuonekana kutoka Moshi mjini. Warina asali wapewe mizinga ya kisasa na bomba la moshi, ili kienge cha wazi kisiingie msituni. Moto ukishashika mboji, kumwagia maji juu ni kupoteza maji: huungua chini kwa chini na kuibuka mita kadhaa mbele siku ya pili. Chimba mtaro kuuzunguka mpaka ufike kwenye udongo wa volkano usio na mizizi, kisha weka walinzi hapo siku kadhaa baada ya moshi kuisha.

Kule chini, miche iende kwenye chemchemi, na ya mti unaofaa. Mkaratusi mita 10 kutoka kwenye jicho la maji ni pampu isiyozimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa, lakini ukitembea na futi kamba Hai au Rombo utachoka kuhesabu ukiukwaji.

Halafu mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia. Kamati ya mfongo inaweza kupima yenyewe. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 20, dondosha jani kavu, hesabu sekunde. Likitumia 40, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa upana na kina, kisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya chini huenda taratibu kuliko ya juu. Mfongo wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 20 unabeba lita 48 kwa sekunde, karibu sawa na barafu yote ya Kibo katika hesabu yetu ya juu. Rudia kipimo kilomita moja mbele, bila mtu kufungua maji katikati. Tofauti ndiyo inayovuja. Usisakafie mfongo wote. Tafuta vipande vinavyovuja, vijenge kwa mawe na saruji, maana sakafu nyembamba juu ya udongo unaotitia hupasuka ndani ya misimu miwili na kuvuja kuliko mwanzo.

Kwa ndugu zetu wa Pangani, Bagamoyo na Pemba wanaosikia kwamba barafu ya Kibo inapandisha bahari: haipandishi. Ili bahari ipande milimita moja yanahitajika maji kilomita za ujazo 360. Barafu yote ya Kibo haifiki hata sehemu ya kumi ya kilomita moja ya ujazo. Barafu ya kuogopwa ni ya Greenland, yenye uwezo wa mita 7, na ya Antaktika, yenye zaidi ya mita 50. Kisima cha pwani kinachoingia chumvi nacho kina sababu yake ya karibu: maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya yale ya chumvi, na kila mita moja unayoshusha kwa pampu huweza kuipandisha chumvi mita 40 kutoka chini. Punguza saa za pampu kwanza.

Tuna ombi moja kwa dawati lako la picha, Mhariri. Kibo iliyopigwa asubuhi baada ya mvua huonekana nyeupe mpaka mabegani, na wiki tatu baadaye nyeupe hiyo haipo. Ile ni theluji ya msimu. Mkitaka kuonyesha barafu, tumieni picha ya Septemba au mwisho wa Februari, na mchapishe tarehe yake chini.

Wadau wa maji,
Moshi