Shukrani kwa Ofisa wa Ustawi wa Jamii Aliyemtoa Ndugu Yetu Wodini

Sisi ndugu wa kijana mwenye ulemavu wa akili, tunaoishi Uingereza, tunakushukuru kwa dhati, dada yetu ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye kwa kuiheshimu kazi yako hatukutaji jina.

Madaktari walikwisha kuandika kwamba ndugu yetu hahitaji tena matibabu ya hospitali, lakini aliendelea kuzuiliwa wodini kwa sababu hapakuwa na nyumba inayomfaa wala wahudumu waliofunzwa, huku halmashauri na idara ya afya zikivutana juu ya nani alipe gharama. Baada ya kufichuliwa mwaka 2011 ukatili waliotendewa wagonjwa wa Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili hapa Uingereza, serikali iliahidi kwamba ifikapo Juni 2014 wagonjwa waliowekwa hospitalini isivyostahili wangekuwa wamehamia kwenye jamii; ahadi hiyo haikutimia, na familia nyingi zimeumia kwa kusubiri.

Wewe ulidai kikao cha kupitia upya matibabu yake, ukamuuliza yeye mwenyewe anataka kuishi wapi (jambo ambalo kila aliyekutangulia alipaswa kulifanya), kisha ukahakikisha wahudumu wake wapya wanamzoea kabla hajatoka. Sasa anaishi karibu nasi. Mama anakuombea dua, nasi tunasema asante sana.