Wauza magari mapya watuonyeshe cha juu chao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya bei za magari mapya, hasa yale ya injini kali ambayo sisi wa mikoa ya kati tunayatafuta kwa sababu ya kazi na pia, sifichi, kwa sababu tunayapenda.

Mimi ni mchimba visima. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na wateja wangu wako Bahi, Chemba, Kondoa, Manyoni mpaka Ikungi. Mtambo wa kuchimbia una lori lake. Gari la pili ndilo linalobeba pampu, mabomba, jenereta na mafundi, na mara nyingi linavuta trela juu ya hayo yote. Anayekijua kipande cha kutoka Kintinku kupanda Saranda kuelekea Manyoni hatanishangaa nikisema kwamba kwangu nguvu ya gari ni kitendea kazi. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Yenye turbo inajisukumia hewa, kwa hiyo haichoki mapema mlimani. Ndiyo maana nilijibana muda mrefu nipate pikapu ya dabo kebini (yenye safu mbili za viti) ya turbo, ile yenye nguvu kupita wenzake wa aina yake, zero kilomita, na waranti yake mkononi.

Nikaenda shorumu moja Dar es Salaam. Gari lilikuwa pale ndani, na kwa kweli lilinivutia: limesimama juu, matairi mapana, na lilipowashwa mlio wake uliniambia nimefika mahali penyewe. Kwenye kioo hapakuwa na bei. Nilipouliza, nikaulizwa mimi kwanza: nafanya kazi gani, nanunua kwa jina langu au la kampuni, nalipa taslimu au benki itanikopesha. Profoma, yaani hati ya kumtajia mteja bei, ikaandaliwa baada ya majibu yangu. Najua mfanyabiashara mwenzangu wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma aliyeulizia gari hilo hilo, mahali hapo hapo, akapewa bei tofauti na yangu. Yeye anasambaza vifaa hospitalini, na alikwenda amevaa suti.

Profoma yenyewe ilianza na bei ya gari. Chini yake palikuwa na mstari wa vifaa vya ziada, shilingi milioni 6. Nikauliza vifaa gani. Ni mazulia ya mpira, filamu ya kutia kiza vioo, vipande vya plastiki vya kukinga mvua juu ya madirisha, na stika ndefu ubavuni. Nikafungua mlango wa dereva, nikalinyanyua zulia. Upande wa chini lilikuwa bado na kibandiko cha duka la vifaa vya magari, na jina la kiwanda kilichounda gari halikuwepo popote. Mazulia ya namna ile yamejaa Kariakoo, na bei yake kila dereva anaijua. Nikaomba wayatoe na stika waibandue, nilipie gari tupu. Haikuwezekana, nikaambiwa, gari linauzwa jinsi lilivyo.

Mstari uliofuata uliandikwa gharama ya upatikanaji, shilingi milioni 18.

Nikamuuliza dada aliyekuwa ananihudumia gharama hiyo inakwenda wapi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, hizi za injini kubwa zinakuja chache. Ukisema ukajifikirie, nyuma yako kuna mwingine." Nikauliza kama ni kodi ya serikali. Akasema magari Tanzania ni ghali kwa sababu ya kodi. Ni kweli, lakini halikuwa jibu la swali langu.

Kodi ya gari si siri, Mhariri. Chukua gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 (lita 2), likafika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 100, bima na usafiri vikiwa ndani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 25. Juu ya milioni 125 hizo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ambao ni milioni 12.5. Jumla yake inapigwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, milioni 24.75. Hapo gari limefika milioni 162.25, bado tozo ndogo ya reli, ya huduma za forodha na gharama za usajili. Ni mzigo mkubwa, na mtu anaweza kuulalamikia bungeni kwa sababu umeandikwa kwenye sheria. Cha juu cha wakala, yaani kile muuzaji anachojiongezea, hakikuandikwa popote. Anakipanga mwenyewe kwa kukutazama usoni, halafu VAT inakifuata hicho nacho: kila milioni 10 anazojiongezea kabla ya kodi, wewe unatoa milioni 11.8.

Ushuru wa bidhaa wenyewe unatazama ukubwa wa injini, hautazami nguvu. Injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 inatozwa asilimia 5 badala ya 10. Sisi wapenzi wa mbio tunaijua Toyota GR Yaris, gari dogo lililobuniwa kwa ajili ya mashindano ya rali. Injini yake ni ya lita 1.6, silinda 3 tu, lakini kwa sababu ya turbo inatoa nguvu farasi zaidi ya 250. Tangu Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Kenya, Toyota walishinda kila mwaka hadi 2025, na miaka minne ya mwisho kati ya hiyo gari lao lilibeba jina hilo la GR Yaris. Gari la namna hii likiletwa hapa jipya linaangukia kundi la asilimia 5. Je, unafuu huo unamfikia mnunuzi, au unamezwa na mstari wa upatikanaji? Mnunuzi hawezi kujua, kwa sababu anapewa jumla peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayeagiza mtumba kutoka Japani anajua mengi kuliko anayenunua gari jipya. Wa mtumba anaingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, anajaza aina ya gari, mwaka na injini, na anaona kodi yake kabla hajatuma hata senti. Wa gari jipya, anayetoa fedha mara tatu au nne ya hizo, anasubiri profoma.

Na nchi hii inajua kuanika bei. EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi wanatoa bei kikomo za mafuta, wilaya kwa wilaya. Nikitaka kwenda Kondoa naangalia lita ya dizeli kule ni shilingi ngapi, na naona imepishana na ya Dodoma mjini kwa sababu ya usafiri. Katika kanuni ya kukokotoa bei hiyo, hata faida ya mwenye kituo ina mstari wake. Simwombei mtu yeyote apangiwe bei ya magari. Biashara ni yake, na faida ni haki yake. Naomba mstari tu. Kama faida ya mwenye kituo kwenye lita moja ya dizeli inajulikana, vipi ya anayeuza gari la kuichoma hiyo dizeli isijulikane?

Sikatai kwamba uhaba upo. Baada ya Uviko viwanda vilikosa chipu za kompyuta za kwenye magari, na foleni zikawa ndefu dunia nzima. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, maombi yalikuwa mengi kiasi kwamba mapema mwaka uliofuata Toyota walitangaza kuwa mteja wa Japani angeweza kusubiri hadi miaka 4. Lakini tazama walivyoushughulikia uhaba huo kwao: wateja walitakiwa kusaini ahadi ya kutoliuza gari ndani ya mwaka mmoja, ili walanguzi wasipate nafasi. Marekani nako mawakala walipandisha mno bei za magari ya nguvu, hadi Ford na General Motors wakawaonya hadharani mwanzoni mwa 2022. Huko wakala hafungwi na bei elekezi, lakini sheria ya mwaka 1958 inataka kila gari jipya libandikwe kwenye dirisha karatasi yenye bei elekezi ya kiwanda, vifaa vilivyoongezwa kiwandani na gharama ya kulisafirisha. Wakala akiongeza chake, mteja anatoa kalamu na kupata tofauti hapo hapo. Anaumia, ila anajua ameumia kiasi gani.

Sasa milioni 18 zile zingenipa nini? Injini haikuongezeka nguvu kwa ajili yake. Waranti haikurefuka hata mwezi. Karakana ya wakala yule inayotambulika kwa waranti iko Dar es Salaam, kwa hiyo kila sevisi ningefunga safari ya kilomita kama 450 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, nikipita Kibaigwa, Gairo na Dumila kwa mwendo wa 50 kwenye makazi ya watu, tochi za polisi za kupima mwendo zikiwa zimetegwa. Kama zingelipia fundi mmoja aliyesomea gari lile akae Dodoma na kabati lenye filta na pedi za breki, ningelipa bila kunung'unika. Mtu anayenunua gari la nguvu hanunui ubavu wa injini peke yake. Ananunua pia uhakika kwamba likizimika Chemba usiku, na kijiji kinasubiri pampu, kuna mtu wa kulitibu. Thamani ya fedha yangu naipima hapo, na kwa kipimo hicho milioni 18 zile hazikuwa na kazi yoyote.

Kanuni za serikali za Machi 2025 zilishakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini, kwa hiyo kisingizio cha dola kupanda na kushuka hakitoshi tena kuliacha gari bila bei. Tume ya Ushindani ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa. Naiomba itembelee shorumu, isome profoma kama niliyopewa mimi, na iwatake mawakala wabandike kwenye kioo cha kila gari jipya karatasi moja kwa shilingi: thamani lilipofika bandarini, kodi na tozo zote, vifaa vya ziada kimoja kimoja na bei zake, na mwisho kile anachochukua wakala. Asiyetaka vifaa vya ziada awe na haki ya kuvikataa. Taasisi zinazonunua kwa mafungu nazo zidai karatasi hiyo hiyo, maana bei wanayoikubali wao ndiyo sisi wadogo tunayotajiwa.

Gari lile sikulichukua. Fedha ziko benki, na pikapu yangu ya zamani bado inapanda Saranda, ingawa kwa gia ya pili. Wakala atakayenipa mchanganuo huo kwa maandishi, hata kama cha juu chake ni kikubwa kuliko ninavyopenda, nitakaa naye mezani tuzungumze.

Mchimba visima,
Nkuhungu, Dodoma