Choo Kibaki Palepale

Isamilo, Mwanza

Mpendwa Dada Koku,

Habari za Bukoba, na mama anaendeleaje? Sisi huku hatujambo, na funguo za nyumba yako zilinifikia salama. Jumamosi asubuhi nilikwenda Capri Point pamoja na fundi bomba, nikiwa na tepu, tochi, ndoo ya lita 10 na ule mchoro wako, tukashinda humo bafuni hadi jua likawa kali. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu niliyoyaona hayaelezeki vizuri kwa simu, na kwa sababu liko jambo moja ambalo najua utanibishia: nakuomba usikihamishe choo.

Naelewa ulichokuwa unakitafuta. Katika mchoro umekitoa choo nyuma ya mlango ukakipeleka chini ya dirisha, ili anayefungua mlango asikutane nacho uso kwa uso, na kwenye karatasi mpango huo unapendeza. Lakini bafu lenyewe lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1 tu, na bomba la choo la inchi 4 limepita katikati ya zege la sakafu, likatokea upande wa chini, kisha likatambaa juu ya dari ya jirani hadi kwenye bomba kuu linaloshuka kutoka ghorofa zote. Ukikisogeza choo mita 1.2 unabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa zege upya na kupitisha bomba jipya katika dari ya mtu mwingine. Ile sheria ya mwaka 2008 iliyotuwezesha kupata hati ya sehemu ya jengo inatambua pia kwamba ziko sehemu za jengo ambazo ni mali ya wenye nyumba wote kwa pamoja, na sioni ni nani katika kikao chenu atakayekubali kwamba zege hilo utoboe kwa hiari yako. Njia ya pili ni kuinua sakafu. Bomba peke yake ni sentimita 11, mteremko wake kwa umbali huo ni sentimita 2 au 3, juu yake kuna saruji na marumaru, kwa hiyo anayeingia bafuni atapanda ngazi isiyopungua sentimita 16. Kazi hii yote tunaifanya kwa ajili ya magoti ya mama, anapokuja kliniki Bugando. Hatuwezi kumjengea ngazi mlangoni pa choo.

Nilipomaliza kupima nilishuka kumsalimia mzee wa ghorofa iliyo chini yako, yule mwalimu mstaafu, naye kwa upole ambao ulinitia aibu kwa niaba yako alinionyesha dari ya bafu lake. Kuna doa la rangi ya kahawia lenye kingo zilizojikunja, lenye vighuba kila upande kama ramani ya Ukerewe. Alichukua mpini wa ufagio akaigusa jipsamu katikati ya doa, nayo ikabonyea kama andazi lililolowa chai. Aliniambia kwamba doa hukua kila mnapokuwa na wageni, na kwamba hakutaka kulalamika kwa kuwa ulimwuguza mkewe. Tuliporudi juu, fundi aligonga marumaru moja baada ya nyingine kwa mpini wa mwiko, na kuanzia usawa wa sinki la kunawia hadi kwenye tundu la kutolea maji zote zililia uvungu.

Sababu yake si bomba lililopasuka, kama ulivyodhani. Aliyejenga alilaza marumaru moja kwa moja juu ya mchanga na saruji, akajaza grauti, ile saruji laini ya kuziba viungio, akaondoka. Marumaru na grauti havizuii maji, vinayachelewesha tu. Maji ya kuoga yamekuwa yakipenya kwenye viungio kidogo kidogo, yakatuama chini, yakatafuta ufa kwenye zege. Ukibandika marumaru mpya juu ya zile za zamani, kama alivyokushauri shemeji, utakuwa umelifunika tatizo na kumwachia mwalimu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kubomoa mpaka kwenye zege, kwa tindo na nyundo na kwa uangalifu, kifusi kishushwe kwenye mifuko asubuhi kabla watoto wa jengo hawajaanza kucheza ngazini. Kisha fundi atengeneze mteremko wa mchanga na saruji, sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Hapo ndipo inapokuja kazi ambayo macho ya wageni hayataiona kamwe: dawa ya kuzuia maji, ya kupaka kwa brashi, mikono miwili, yaani mipako miwili, inayokatizana, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa, ikipanda ukutani sentimita 30 kila upande na kufika mita 2 pale mtu anaposimama kuoga. Kwenye pembe na kuzunguka mabomba iwekwe kitambaa cha wavu katikati ya mikono hiyo, maana pembe ndizo hupasuka kwanza. Dawa ikishakauka, tundu lizibwe, yamwagwe maji ya kina cha sentimita 3, tuweke alama ya penseli ukutani tuone kama yatashuka, na yakae saa 24. Fundi aliguna niliposema hivyo. Kwake siku ya kungoja ni siku isiyo na ujira. Nimemwambia siku hiyo atalipwa kama nyingine, na nakuomba usinipinge katika hilo.

Kuhusu marumaru, zile nyeupe za kung'aa za sentimita 60 kwa 60 uziweke sebuleni ukipenda. Kipande kikubwa hakikubali kulala kwenye mteremko wa pande nne bila kukatwakatwa, na cha kung'aa kikipata povu la sabuni ni hatari hata kwangu mimi. Kwa sakafu chukua zenye uso mkavu wa kukwaruza kidogo, 30 kwa 30. Kwa hesabu zinaingia 5 kwa 7, yaani 35, lakini kwa kuwa zitakatwa kuzunguka tundu na choo, nunua 40, na zitakazobaki uzihifadhi chini ya kitanda, kwa maana baada ya miaka mitatu hutaipata tena rangi ileile dukani. Za ukutani, za 30 kwa 60, nimepata 97 pamoja na akiba, tukizipandisha hadi mita 2.4 na kutoa nafasi ya mlango.

Lile bomba la mvua pana kama sinia pia litakuhuzunisha. Kwa koki yako iliyofunguliwa kabisa, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 10, ambayo ni chini kidogo ya lita 5 kwa dakika. Tangi liko juu ya paa, karibu mita 4 tu kutoka kichwani mwa muogaji, na kila mita 10 za kimo ndizo huleta msukumo wa bari 1, kwa hiyo wewe hupati hata nusu yake. Ndiyo Mwanza yetu hii, ziwa unaliona dirishani na maji yanatoka bombani kwa kusitasita. Chukua kichwa kidogo cha kushika mkononi, chenye mpira mrefu, ambacho mama atakitumia akiwa amekaa kwenye kiti. Kama bado unataka hita, tuulize kwanza inaanza kuwaka kwa msukumo gani, na iwe na waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye breka yake pamoja na waya wa ardhi. Waya wa taa uliopo hauiwezi.

Mlango ufungukie nje. Mama akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani utazuiwa na mwili wake mwenyewe. Vyuma vya kushikia navyo vipimwe yeye mwenyewe akiwa amekaa, kabla ukuta haujafunikwa, kwa hiyo ungefanya vyema kumleta mapema.

Fundi ananisubiri nimthibitishie, nami sitamthibitishia mpaka nipate jibu lako kuhusu choo. Mwalimu naye ameomba jambo moja: ajulishwe siku tutakayotuamisha maji, ili asisafiri kwenda Magu siku hiyo, abaki nyumbani ailinde dari yake.

Wako,
Mama Neema