Kitambulisho pekee hakitoshi, tuambieni mapema

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa kifuani tangu tutoke safari ya graduesheni ya mdogo wetu kule Kampala. Naandika nikijua kuna familia nyingi hapa Nairobi ziko na mtoto Makerere ama chuo kingine cha Uganda, na saa hii wanachanga nauli vile sisi tulikuwa tunachanga.

Huyu mdogo wetu ndiye kitinda mimba. Amesomea udaktari wa mifugo, na karo yake imetoka kwa mboga. Mama yetu ana miaka 66 na ameuza sukuma na managu hapa Kayole tangu mimi niko darasa la pili, saa kumi usiku ako Marikiti anachagua mafungu na tochi ya simu, saa kumi na mbili meza imepangwa. Kwa hivyo kijana alipopiga simu akasema jina lake liko kwa orodha ya wanaofuzu, hakuna mtu aliuliza kama mama ataenda, swali lilikuwa ni nani atabaki na nyumba.

Makerere mama anaijua kwa jina toka zamani. Mzee Kibaki alimaliza pale 1955, Mwalimu Nyerere naye alipita pale, na chuo chenyewe kilianza 1922 wakati huku kwetu hakuna chuo kikuu hata kimoja. Hizo tarehe ni mimi nilimsomea, yeye alikuwa anasema tu "mtoto wangu ako shule ya kina Kibaki" na mteja anaongezewa fungu.

Mdogo wetu alituambia tubebe kitambulisho, basi. Na ni kweli, tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho cha taifa bila paspoti. Nilipoenda kulipia basi pale mjini nikamuuliza dada wa tiketi mara mbili, kuna kitu kingine tunahitaji? Akaniambia ni kitambulisho na nauli. Nikatuma Mpesa ya watu wanne, mimi, mama, kaka yangu anayenifuata, na binti yangu wa miaka 12.

Safari ilikuwa Jumapili usiku. Jumatano kabla ya hapo ndio jirani yangu, mama mmoja ambaye amewahi kupeleka nguo Uganda, akaniuliza huyu mtoto atavuka na nini na hana kitambulisho, na je, mmedungwa yelo fiva, ile chanjo ya homa ya manjano wanayoulizia mpakani? Nilisimama hapo na sufuria mkononi sijui niseme nini. Alhamisi nikazunguka na cheti cha kuzaliwa cha mtoto hadi nikapata ile karatasi ya muda ya kusafiria. Ijumaa tukaenda chanjo.

Pale kwa chanjo daktari aliangalia umri wa mama akasema hamdungi. Akatueleza hiyo chanjo ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, na mtu akipita miaka 60 inabidi wapime kwanza kama hatari yake si kubwa kuliko faida, halafu akamwandikia barua yenye muhuri ya kuonyesha mpakani. Kaka yangu alikuwa nayo kitambo, alidungwa 2019 akiwa taniboi wa malori ya Juba, na siku hizi ukidungwa mara moja kadi ni ya maisha, ile ya kurudia kila miaka 10 iliondolewa 2016. Ndio maana hata mdogo wetu hakutukumbusha, alidungwa mara moja akiingia chuo na hajawahi kufikiria hiyo kitu tena. Mimi na binti yangu tukadungwa, tukapewa kadi za njano, tukarudi nyumbani tukijua tumemaliza.

Hakuna mtu pale alituuliza tunasafiri lini.

Basi lilifika Busia saa kumi usiku. Wenye hawajapita huko hivi karibuni, siku hizi mpaka uko tofauti, tangu 2018 mnasimama mara moja tu, basi linavuka geti la Kenya, mnashukia upande wa Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Kwa hivyo nilikuwa nishakanyaga Uganda. Binti yangu alikuwa ananishika koti anasema mamii tumefika, tumefika. Kaka akapita. Mama akaonyesha ile barua, ikasomwa, akapita. Mimi nikatoa kadi yangu na ya mtoto, afisa wa afya akazifungua chini ya taa, akaweka kalamu kwa ile safu ya tarehe ya kuanza kutumika, akaniambia pole pole, dada, soma hapa. Nikasoma. Ilikuwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kudungwa, na sisi tulikuwa siku ya tatu. Graduesheni ilikuwa Jumatano.

Simlaumu yule afisa na nataka hiyo ieleweke. Aliongea na mimi kwa heshima na alikuwa anafanya kazi yake. Homa ya manjano si mchezo, hata sisi ilitupata Isiolo 2022. Lakini jamani, mambo ya siku 10 unaambiwa mpakani usiku, na nyumbani ungeambiwa wiki mbili mapema?

Mama alikataa kupanda basi. Alisema kama nyinyi hamuendi na mimi siendi, akaweka mkoba chini, na kondakta anapiga honi ati abiria wengine wamechelewa. Ilibidi nimshike mkono nimpandishe mwenyewe, mama yangu, kama mtoto anayepelekwa shule. Sasa binti yangu ndiye alikuwa amebeba shada la kumvisha mjomba wake, lile la kung'aa tulilonunua Kamukunji, la rangi ya dhahabu na nyekundu, na ndiye alikuwa amepangiwa kumvisha. Akalitoa kwa begi lake, limekunjwa ndani ya karatasi, akalipitisha kwa dirisha akasema, shosho, mvishe wewe. Basi likaondoka. Sisi tukarudi Kenya kwa miguu.

Na hapo ndio kuna jambo lingine lazima niseme. Kabla hata nikae chini kijana mmoja alishanifikia, ananiambia kwa elfu mbili ananipatia kadi yenye tarehe ya mwezi uliopita. Mwingine wa boda akasema mia tano tu ananivusha njia ya panya. Nilikuwa nalia, nilikuwa na pesa kwa mkoba, na mama yangu alikuwa mita chache mbele akielekea Kampala. Niliwakataa kwa sababu mtoto wangu alikuwa anatuangalia. Lakini najua kuna wengi wanakubali, na siwahukumu wote, maana hao vijana hiyo ndiyo riziki yao, kila basi likifika kuna mtu ambaye hakuambiwa.

Tulikaa kwa shangazi Bumala. Siku nzima mama alikuwa anapiga simu, tumevuka Nile Jinja, tumekula kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Mabira, huku miwa hadi macho yachoke. Jumatano tukaegemeza simu kwa mkebe wa sukari tukafuata mahafali kwa intaneti, mahema yamejaa ule uwanja wa mbele ya jengo kuu, lile lililoungua Septemba 2020 na sasa limesimama tena. Shangazi alikuwa ananunua bando kila saa. Walipoambiwa wa mifugo wasimame picha ikakwama. Tulisikia vigelegele tu, na binti yangu akaweka mkono kwa skrini.

Ninachoomba ni kidogo. Wenye mabasi ya kuvuka mpaka waandike nyuma ya tiketi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazoonekana, kwamba mtu mzima aje na kitambulisho, mtoto aje na karatasi yake ya kusafiria, chanjo ya homa ya manjano idungwe si chini ya siku 10 kabla ya safari, na aliyepita miaka 60 amwone daktari kwanza. Hiyo ni mistari minne. Dada wa tiketi akiulizwa aisome kwa sauti. Wanaodunga chanjo nao waulize swali moja kabla ya sindano, unasafiri lini? Kama ningeulizwa hivyo ile Ijumaa ningejua siku hiyo hiyo kwamba mimi na mtoto hatutavuka, ningempa mama shada akiwa bado Kayole, na hangesafiri nusu ya njia akiangalia nyuma. Na serikali ambayo inatuambia Afrika Mashariki ni moja iweke hayo maneno kwa ubao pale steji za mabasi, si kwa tovuti peke yake, mama wa Marikiti hatafuti tovuti.

Wenye watoto wanafuzu mwaka ujao, nendeni mkadungwe mwezi huu. Kadi haitaisha.

Ijumaa mdogo wetu alirudi nao hadi Busia, akavaa joho lake nje ya kibanda cha chai upande wetu, na binti yangu akamvisha lile shada mara ya pili. Mama alikuwa amelikunja vizuri kwa karatasi ile ile.

Mwisho, mama amenituma. Pale kwa hema alikaa kando ya mama mmoja aliyevaa gomesi ya kijani, ambaye mtoto wake pia alikuwa wa mifugo. Mmoja alikuwa na Kiganda, mwingine ana Kiswahili, hawakuweza kuongea hata neno. Mama alipoanza kulia yule mama alitoa leso akampangusa uso mwenyewe, halafu akamshika mkono na hakumwachilia hadi watoto wote wakakaa. Kama kuna msomaji wako Kampala anayemjua, amwambie mama wa Kayole anasema webale nnyo, nnyabo, yaani asante sana, mama.

Dada wa daktari,
Kayole, Nairobi