Kabla ya kununua jipu (jeep) la zamani la jeshi, soma fremu

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaotamani kununua magari ya zamani ya jeshi kwamba rangi ya kijani na nyota nyeupe hazithibitishi asili ya gari, kwani hupakwa na yeyote mwenye brashi.

Jipu la Vita vya Pili vya Dunia lilitengenezwa kati ya 1941 na 1945 na kampuni mbili, Willys kwa jina la MB na Ford kwa jina la GPW, kwa mchoro unaokaribia kuwa mmoja. Mnunuzi ainame atazame upau wa mbele wa fremu, chini ya rejeta: wa Willys ni bomba la mviringo, wa Ford una pembe kama mfereji uliopinduliwa. Ford, kwa fahari ambayo leo inatusaidia sana, iligonga herufi F hata kwenye vichwa vya bolti. Hata hivyo, bolti chache zenye F hazitoshi, maana mafundi wa jeshi walibadilishana vipuri bila kujali kiwanda, na injini nayo huenda si ya kwanza.

Ufaransa nayo, kupitia kampuni ya Hotchkiss, iliunda jipu la namna hiyo, M201, kwa leseni baada ya vita, gari zuri ambalo huuzwa mara nyingine kama la vitani. Kwa hiyo nambari iliyo kwenye fremu ilinganishwe na hati kabla ya fedha kutolewa. Bamba la nambari la dashibodi lisitegemewe, kwani hufunguliwa kwa bisibisi tu.

Msomaji wako,
Mpenzi wa magari ya zamani